Asilimia 94 wameridhika, thuluthi wameacha tiba: mrejesho wa wagonjwa usomweje?

MratibuUbora

Salaam wakuu.

Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii: jinsi ya kutumia maoni ya wagonjwa kupima ubora wa tiba ya uraibu bila kujidanganya.

Niweke mfano wa hesabu ili wote tuongelee kitu kimoja. Kliniki ya methadoni (dawa inayonywewa kila siku badala ya heroini) imeandikisha watu 180. Kila mmoja alipotimiza siku 90, waliokuwa bado wanakuja ni 120. Hao wakapewa dodoso dirishani, palepale wanapomezea dozi, na 113 wakachagua "nimeridhika" au "nimeridhika sana". Ripoti ikatoka: ubora wa huduma, asilimia 94. Wale 60 walioacha hawamo popote.

Nina maswali matatu. Hiyo 94 ina thamani gani? Kama dodoso la kuridhika halitoshi, tuulize nini, aulize nani, na lini? Halafu yapo malalamiko yanayojirudia: "dozi hainifikishi asubuhi", "nimepunguziwa bila kuambiwa", "tunasemeshwa kama watoto". Tuyahesabu kama kipimo cha ubora, au wana haki wahudumu wanaosema mtu mwenye arosto (mateso ya mwili kukosa dawa) hulalamikia kila kitu?

TakwimuTaratibu

Ndugu Mratibu, anza na wale 60, maana jibu lako liko kwao.

Hujui waliionaje huduma, ila mipaka unaijua. Kama wote 60 waliondoka na kinyongo, walioridhika ni 113 kati ya 180, yaani asilimia 63. Kama wote waliipenda huduma na waliacha kwa sababu nyingine kabisa, ni 173 kati ya 180, asilimia 96. Basi dodoso lako limekuambia kwamba ukweli uko kati ya 63 na 96, si zaidi ya hapo. Ukikadiria kwamba 24 kati ya walioacha waliridhika, unapata 137, asilimia 76. Iandike mipaka hiyo kwenye ripoti, pembeni ya 94, hata kama wakubwa hawataipenda.

Kwenye uraibu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kuacha tiba mapema lenyewe ni tokeo baya. Kwa watumiaji wa heroini na opioidi nyingine, hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi hupanda mtu anapotoka kwenye methadoni. Dodoso linalowaruka walioacha limewaruka watu ambao hatima yao ndiyo kipimo kikubwa cha huduma.

Namna ya kuwafikia: usiwatafute wote 60 juujuu. Chagua 30 kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejesta, kisha wafuatilie kwelikweli. Jaribu mara 5 ndani ya siku 14, kwa saa tofauti, angalau mara moja jioni na mara moja mwisho wa wiki. Majibu 20 kutoka kwa hao 30 yana thamani kuliko majibu 25 ya waliojitokeza wenyewe kati ya 60, kwani wanaojitokeza mara nyingi ni wenye hasira nyingi au wenye shukrani nyingi, na walioko katikati hukaa kimya. Kazi hii huanzia siku ya kuandikishwa. Omba njia tatu za kumpata mtu, na kwa kila njia andika ni ujumbe gani anaruhusu uachwe. Simu ya kaka yake isipokee ujumbe wenye neno "methadoni" wala jina la kliniki. Asiyetoa ridhaa hiyo kwa maandishi hapigiwi.

Aliyeacha muulize swali moja kuu: "Katika siku 7 za mwisho kabla hujaacha kuja, nini kilitokea?" Mwache aeleze, wewe ndiye upange baadaye kwenye mafungu: dozi haikutosha, saa za kliniki ziligongana na kazi, nauli, ugomvi na mhudumu au mteja mwenzake, kukamatwa, kulazwa, kuhama, kujiona amepona. Usimsomee mafungu hayo, atachagua lenye aibu ndogo.

Sasa dodoso lenyewe. Watu huchanganya vitu vitatu: kuridhika (anaionaje huduma), yaliyompata (kilichofanyika na kisichofanyika), na hali yake (anaendeleaje na matumizi na maisha).

Dodoso la CSQ-8 linapima cha kwanza. Ina maswali 8, kila moja alama 1 hadi 4, jumla 8 hadi 32. Ni fupi na imetumika tangu 1979, lakini majibu hujazana juu. Kliniki nzuri na kliniki ya kawaida zote hukaa karibu na dari, na kituo kikiboreka huoni kitu. Dodoso la TPQ liliundwa mahususi kwa tiba ya pombe na dawa za kulevya. Ina kauli 10 zenye alama 0 hadi 4, na inatenganisha maoni kuhusu wahudumu na maoni kuhusu programu yenyewe, jambo lenye faida, kwa sababu mtu anaweza kumpenda mshauri wake na kuchukia kanuni za kituo. Kwa hali ya mtu, dodoso la SURE la King's College London, lililochapishwa 2016, lina maswali 21 kuhusu wiki iliyopita. Watu wenye uzoefu wa uraibu walishiriki kuiunda, ndiyo maana inagusa usingizi, makazi na mahusiano badala ya kuishia kwenye matumizi.

Ila kwa kupima huduma, nguvu iko kwenye kundi la pili. Uliza tukio. "Umeridhika na muda wa kusubiri?" ni swali la hisia. "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulisubiri zaidi ya dakika 30 kabla ya kupata dozi?" ni swali la tukio. Shukrani haiwezi kulipindisha sana, na mkuu wa kituo akiliona jibu anajua ashike wapi.

MwelimishaRika

Naunga mkono, nami niongezee kuhusu lugha na mtu wa kuuliza.

Dirishani hapafai hata kidogo. Anayekupa dodoso ndiye anayeshika chupa. Dozi za kwenda nazo nyumbani, ruhusa ya safari, na uamuzi wa nini kifuate mkojo ukionyesha matumizi, vyote viko mikononi mwa watu walewale. Hata umwapie mtu kwamba jina lake halionekani, atatia alama ya juu kabisa, anywe dozi yake, aondoke. Hiyo 94 imechanganya shukrani ya kweli na woga, na hakuna hesabu itakayovitenganisha baadaye.

Aulize mtu asiye na mamlaka juu ya dozi. Mwelimishaji rika (mtu aliyepitia uraibu anayewasaidia wenzake) wa kituo hichohicho anaaminiwa haraka, lakini inajulikana yeye ni rafiki wa nani, na pengine posho yake inatoka hapohapo. Vituo viwili vikibadilishana waelimishaji rika kwa siku za dodoso, matatizo yote mawili hupungua sana. Mkae mahali ambapo mfamasia na mlinzi hawamwoni anayejibu.

Wakati nao. Siku za mwanzo, dozi ikiwa bado inapandishwa, mtu ana arosto, halali, mwili unauma. Msimuulize chochote zaidi ya mapokezi. Wiki ya 2 inafaa, maana namna alivyopokelewa bado iko kichwani. Kisha siku ya 90, kisha kila miezi 6. Vituo vya kulala waulize wiki moja kabla ya kutoka, na tena siku 30 baada ya kutoka. Siku yenyewe ya kutoka iacheni, kila mtu ana furaha ya kuliona lango. Na kila siku ya kuuliza, ulizeni baada ya dozi, wala si kabla.

Lugha sasa. Neno "kuridhika" kwetu lina adabu ndani yake. Kumwambia aliyekusaidia kwamba hujaridhika kunasikika kama kukosa shukrani. Swali linaweza kutafsiriwa sawasawa na bado likawa limeshavuta jibu upande mmoja. Tatizo la pili ni kauli za kukanusha, na TPQ inazo. Chukua kauli kama "hawakunisikiliza", halafu machaguo ni "nakubali" na "sikubali". Aliyesikilizwa anatakiwa achague "sikubali", maana yake sikubali kwamba hawakunisikiliza. Kwa mtu anayesomewa kwa sauti, asubuhi, amesimama, hilo ni fumbo. Dalili ya kuvurugika utaiona: mtu amekubali kauli zote za sifa, na amekubali pia zote za lawama. Fomu za namna hiyo zikizidi moja kati ya kumi, msitumie jumla ya alama. Mnaweza kuzigeuza kauli ziwe za kukubali, lakini basi hicho si kipimo kilekile tena. Semeni hivyo kwenye ripoti, wala msijilinganishe na matokeo ya kwingine.

Kabla ya kuchapa nakala, kaeni na watu 6 hadi 8, mmoja mmoja. Kila mmoja asome swali au asomewe, kisha aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Wawemo wasiosoma angalau wawili na wanawake angalau wawili. Neno likiwakwamisha wawili, libadilisheni. "Tiba" hukwamisha: kwa mmoja ni ile dozi tu, kwa mwingine ni pamoja na ushauri nasaha. "Mhudumu" nalo lifafanuliwe, na mlinzi wa getini ahesabiwe humo, kwa kuwa ndiye anayeonana na mteja kila siku akiingia na akitoka.

Maswali ninayoyaona yanafanya kazi ni haya:

- Katika siku 7 zilizopita, ni asubuhi ngapi uliamka na arosto?
- Dozi yako ilipobadilishwa mara ya mwisho, kuna mtu alikueleza sababu kabla hujainywa?
- Kuna aliyewahi kukueleza kuhusu dawa nyingine zaidi ya unayotumia, kama buprenofini au naltreksoni?
- Umepewa naloksoni (dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini) ya kukaa nayo, au umeonyeshwa jinsi inavyotumika?
- Ulipotoa mkojo wa kupimwa mara ya mwisho, kuna jambo lililokuvunjia heshima?
- Mara ya mwisho uliporudia matumizi, ulimwambia mtu yeyote kituoni? Kama hukumwambia, ulihofia nini?

Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko mengine yote. Kituo ambacho watu wanaficha wakirudia matumizi hakijui hali ya wateja wake, hata kiwe na mafaili mazuri namna gani. Na jibu la "ulihofia nini" mara nyingi linataja kanuni fulani kwa jina, kwa mfano kunyang'anywa dozi za nyumbani papo hapo, kwa hiyo mnapata na mahali pa kuanzia.

MfamasiaZamu

Nijibu swali la tatu. Hiyo kauli ya "mraibu hulalamika tu" izikwe. Lakini pia si kila lalamiko ni kosa la kituo, na kazi ni kuyapasua.

"Dozi hainifikishi asubuhi." Hii ni taarifa ya kitabibu, haina uhusiano na tabia ya mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unaweka dozi ya methadoni ya kuendeleza tiba, kwa kawaida, kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Toa orodha ya dozi za kituo kizima, uiweke pembeni ya majibu ya "asubuhi ngapi uliamka na arosto". Kama nusu ya wateja wako chini ya 60 na walalamikaji wamejazana hukohuko, kituo kina mazoea ya kutoa dozi ndogo, na hapo hakuna mafunzo ya "huduma kwa mteja" yatakayosaidia. Rekebisha dozi.

Kama walalamikaji wametawanyika kwenye dozi zote, fungua mafaili yao moja moja na uangalie dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi na nevirapini za VVU, karbamazepini na fenitoini za kifafa, zote hulifanya ini livunje methadoni haraka. Mtu aliyetulia kabisa kwenye miligramu 80 anaanza arosto siku chache hadi wiki mbili baada ya kuanzishiwa rifampisini, na dirishani anaonekana mkorofi. Ukiona malalamiko ya arosto yanatoka kwa watu waliotumwa kliniki ya kifua kikuu mwezi uleule, umegundua kwamba kliniki mbili hazizungumzi. Kumbuka na upande wa pili: akimaliza rifampisini, ile dozi iliyopandishwa inageuka kuwa kubwa mno taratibu. Swali la arosto halitakuonyesha hilo. Ongeza swali la kusinzia mchana.

"Nimepunguziwa bila kuambiwa." Hapa kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Aliyekosa dozi siku 3 au zaidi mfululizo, uvumilivu wa mwili wake (uwezo wa kuihimili dozi aliyoizoea) unaweza kuwa umeshuka, na kumrudisha kwenye dozi kamili bila kumtathmini ni hatari. Uamuzi wa kupunguza basi unaweza kuwa sahihi kabisa. Kasoro ni kumkabidhi kikombe bila neno, naye akagundua kwa arosto ya usiku. Dodoso la kuridhika linavimeza vyote viwili kwenye alama moja. Kwenye rejesta ya malalamiko weka safu mbili, "uamuzi" na "namna", na kila lalamiko lipimwe kwa zote. Uamuzi sahihi na namna mbaya: dawa yake ni dakika mbili za maelezo dirishani, kabla ya kikombe. Uamuzi mbaya na namna nzuri ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna atakayelalamika.

Ndiyo maana sifa nazo zikaguliwe. Wateja humsifu mhudumu anayegawa diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) kwa urahisi, wakati diazepamu pamoja na methadoni hudidimiza pumzi. Au mtu amekaa siku 10 kituoni, ameondolewa sumu mwilini, anatoka mwepesi, ana shukrani, anatia alama zote za juu. Hana dawa ya kuendelea nayo wala naloksoni mfukoni. Uvumilivu wake umeshuka, na kiasi alichokuwa akitumia zamani sasa kinaweza kumuua. Dodoso lake ni bora kabisa na huduma aliyopata ni mbaya.

Kwa hiyo usiyatoe maoni ya wagonjwa yakiwa peke yake. Yaambatane kila mara na waliobaki siku ya 90, siku ngapi zilipita kati ya mtu kujitokeza na kupata dozi ya kwanza, wangapi wana naloksoni, na vifo, wakiwemo waliokufa baada ya kuacha. Kuridhika kukipanda huku waliobaki wakipungua, kuna uwezekano mkubwa kwamba waliokuwa wanalalamika wameondoka.

Kuna kundi moja lisiingie kwenye wastani wowote: kupigwa, kufungwa, kunyimwa dozi kama adhabu, kudaiwa fedha au ngono. Moja linatosha. Lipelekwe nje ya kituo, kwa njia tofauti na dodoso, ndani ya saa 24.

MratibuUbora

Nashukuru sana wakuu, hiyo ya "uamuzi" na "namna" naanza nayo. Yamebaki mawili. Kuna kituo cha kulala chenye vitanda 24, watu wanajuana mpaka mwandiko, na mfadhili anataka namba moja kila mwezi. Halafu kuna wanaopendekeza tutumie nyota na maoni yanayoandikwa mtandaoni, kwa kuwa yapo tayari na hayana gharama.

TakwimuTaratibu

Kwa watu 24 namba ya mwezi mmoja inayumba mno. Kanuni ya haraka ni kugawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliojibu: watu 24 unapata takriban 0.20, yaani pointi 20 juu na 20 chini. Watu 100 ni pointi 10, watu 400 ni 5. Kutoka asilimia 80 mwezi huu hadi 88 mwezi ujao, kwenye kituo cha vitanda 24, ni watu wawili tu waliobadilisha jibu. Mfadhili akiona mshale wa kijani hapo, atashangilia bahati.

Kama namba moja ni lazima, ichague kutoka kwenye maswali ya tukio. Kwa kituo cha kulala, ningechukua asilimia ya waliosema kwamba wangemwambia mhudumu wakirudia matumizi, au waliopanga na mhudumu, kwa tarehe, wataendelea na tiba wapi baada ya kutoka. Pembeni yake andika kila mara wangapi waliulizwa na wangapi walijibu. Ichore kwa nukta za kila mwezi, na mstari wa wastani wa kati (nusu ya nukta ziwe juu yake, nusu chini) uuweke ukishakuwa na nukta 10 hadi 12. Nukta 6 mfululizo upande mmoja wa mstari (zilizogusa mstari wenyewe usizihesabu) ni dalili kwamba kitu kimebadilika kweli. Nukta moja iliyoruka juu au kuanguka haitoshi kuitisha kikao.

Waliojibu wakiwa chini ya 5, usichapishe. Unganisha miezi mitatu. Hii inahusu pia kugawanya kwa jinsia au umri: ukiandika "wanawake" na wanawake kituoni ni watatu, umewataja kwa majina.

Na msivipange vituo kwa ngazi, wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya kuangalia vinahudumia nani. Wagonjwa wenye umri mkubwa kwa kawaida hutoa alama za juu kuliko vijana, na aliyeletwa kwa amri ya mahakama hajaja na moyo uleule wa aliyejileta. Marupurupu ya wahudumu nayo yasifungwe kwenye alama hizi. Yakifungwa, fomu zitaanza kuwafikia wateja wapole tu, na hutajua zilianza lini.

MtunzaSiri

Niseme kuhusu mwandiko na mtandao.

Kituo kidogo kitumie fomu ya kutia alama tu, kalamu za aina moja kwa wote. Mwenye maelezo marefu ayaseme kwa muulizaji wa nje, naye ayaandike upya kwa maneno yasiyomtambulisha mtu. Kishikwambi kina mtego wake: kinaandika saa ya kila jibu, na ratiba ya kituo inajulikana, kwa hiyo saa 4:10 ni fulani. Izimeni kumbukumbu ya saa, au wote wajibu kwenye kipindi kimoja.

Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa msimamizi na mmoja kwa mwakilishi waliyemchagua wateja. Lifunguliwe na wote wawili siku ileile kila wiki. Lisiwe chini ya kamera wala mlangoni kwa ofisi ya mkuu. Nimesoma hapo juu pendekezo la kubadilishana waelimishaji rika, na hapo natofautiana kidogo. Kuna mteja ambaye hofu yake kubwa ni kutambuliwa na mtu wa mtaa wa pili, na rika wa kituo cha jirani ndiye hasa huyo. Apewe nafasi ya kuchagua: rika, mtu wa nje, au sanduku. Hesabuni kila njia kivyake, maana majibu ya ana kwa ana na ya sandukuni hayafanani.

Fomu zisizo na jina zina kasoro moja nzito. Mtu akiandika kwamba anataka kujiua, huwezi kumfikia. Kwa hiyo juu kabisa ya fomu, kabla ya swali la kwanza, iandikwe wazi kwamba fomu haisomwi siku hiyohiyo, na nani wa kumwona sasa hivi mwenye shida ya haraka. Mkitaka kufuatilia mtu yuleyule kutoka wiki ya 2 hadi siku ya 90, tumieni namba ya siri, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa mtu wa nje. Isiwe kwenye kompyuta ya mapokezi.

Nyota za mtandaoni hazipimi kituo. Wanaoandika ni waliofurahi mno na waliokasirika mno, mara nyingi ni ndugu na si mgonjwa, na maoni kumi ya nyota tano yakitokea ndani ya siku mbili mfululizo yanastahili kutiliwa shaka. Maneno yake yasomeni kwa ajili ya mada tu: kama watu wanne kwa nyakati tofauti wanataja bili isiyoeleweka au simu isiyopokelewa, kachunguzeni bili na simu. Msiwaombe wagonjwa wakaandike hadharani, kwa kuwa jina lao linaunganishwa na uraibu na halifutiki kirahisi. Mkijibu lawama mtandaoni, msithibitishe kwamba mwandishi alikuwa kwenu. "Tulikuhudumia mwezi wa tatu na tulifanya kila tuwezalo" ni kuvujisha siri ya mgonjwa. Andikeni kwamba kwa sababu ya usiri hamzungumzii mtu yeyote hadharani, kisha toeni njia ya kuwasiliana faragha.

MwelimishaRika

Mtunza, hilo la kumpa mteja nafasi ya kuchagua nalikubali, ni bora kuliko nilivyosema.

Ndugu Mratibu, kabla hujachapa fomu, tundika ubao pale wanaposubiri, wenye safu tatu: "Mlisema", "Tumefanya", "Haijawezekana kwa sababu". Ujazwe ndani ya siku 30 baada ya kila duru ya dodoso, kwa maandishi makubwa, na kwa wasiosoma usomwe kwa sauti kwenye kikao cha kundi. Duru ya pili wakijibu wachache kuliko ya kwanza, ukague ubao huo kabla ya kubadilisha maswali. Safu ya tatu isibaki tupu. Mkishindwa kufungua kliniki saa 12 asubuhi kwa sababu mfamasia ni mmoja, andikeni hivyohivyo.

MratibuUbora

Nimeelewa. Naanza na 30 wa bahati nasibu kutoka kwa walioacha, fomu za ridhaa kwa wapya, na dodoso linatoka dirishani wiki hii.